Sogea nyuma, kuna nafasi

Siku niliyobeba ubongo wa mtoto wa kaka yangu mapajani, kifodi, daladala letu la Arusha, kilikuwa kimejaa hadi mlango haufungi. Ubongo wenyewe ulikuwa kwenye bahasha kubwa ya kaki, picha za MRI, na nilikuwa nimeishika wima kama mtu aliyebeba kioo. Tulikuwa tunatoka mjini kurudi Tengeru. Konda, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, alikuwa amening'inia mlangoni akiwapigia kelele waliosimama: "Sogea nyuma, mama! Sogea, huko nyuma kuna nafasi! Mzee, wewe unashukia Usa, hapo mlangoni umeganda unamsubiri nani?"

Anayepanda vifodi vya Arusha anaijua shida hiyo. Walioingia mwanzo wanajibanza karibu na mlango na hawataki kuachia. Aliyeingia mwisho inabidi awapite: ajikunje, aombe radhi, akanyage mguu wa mtu, apigwe kiwiko, ndipo afike kule nyuma. Konda akinyamaza, hakuna anayesogea. Watu wanarundikana mlangoni, nyuma kunabaki wazi, na gari linaondoka limejaa bila kujaa.

Niliitazama bahasha. Saa mbili kabla ya hapo daktari alikuwa amenieleza jambo hilo hilo, ila yeye hakutaja gari.

Mtoto anaitwa Elia, jina la marehemu baba yetu, kwa hiyo nyumbani ni Babu, na mama yangu humtania kwa kumwita "mume wangu". Alipofika miezi mitano shingo ilikuwa bado haijakaza. Kisha ikaanza ile mishtuko. Akiamka tu usingizini anajikunja ghafla, mikono inaruka kama ameguswa na umeme, anatulia, anajikunja tena, mara kumi, mara ishirini. Mahali pa kwanza tulipompeleka walisema ni gesi. Tukapewa dawa ya gesi, tukaitumia wiki sita. Nikizikumbuka hizo wiki sita mpaka leo nasikia hasira, na nusu yake ni hasira juu yangu mwenyewe, msomi wa familia, niliyekuwa napima kijiko cha dawa ya gesi kwa makini kabisa.

Daktari wa watoto tuliyempata baadaye aliiinua picha dirishani, maana taa ya kusomea picha ilikuwa imeungua. Kando yake akaweka picha ya mtoto mwingine, jina kalifunika kwa kidole gumba. Ubongo wa yule mwingine ulikuwa umejikunja kama kitenge kilichofutikwa kwenye begi dogo. Wa Babu ulikuwa laini. Parachichi lililomenywa. Nilidhani basi ubongo wake umepungua, nikauliza hivyo, na daktari akatikisa kichwa. Akafuatisha ukingo wa picha kwa kalamu. "Angalia gamba lake, shangazi. Ni nene kuliko la mwenzake. Seli zipo. Zimekwama njiani."

Gamba la ubongo wa kawaida lina unene wa milimita 2 hadi 4. La Babu, kwa rula ya daktari, lilizidi sentimita moja.

Nafundisha biolojia sekondari. Nimechora nyuroni, yaani seli ya neva, ubaoni mara nisizoweza kuhesabu: mwili wa seli, mkia mrefu, matawi. Siku zote naichora imeshakaa mahali pake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza ilifikaje pale, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Kumbe imetembea. Nyuroni nyingi za gamba, lile tabaka la nje lenye mikunjo, hazizaliwi pale juu. Zinazaliwa ndani kabisa, kandokando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, halafu zinapanda kuelekea nje. Njia zao ni nyuzi za seli nyingine, glia, zilizonyooshwa kutoka ndani hadi ukingoni kama kamba za kuanikia zilizosimamishwa wima. Pasko Rakic aliyaona hayo kwenye vijusi vya nyani na kuyaandika mwaka 1972: nyuroni imeukumbatia uzi, inapanda. Gamba la mtu mzima lina nyuroni kama bilioni 16, katika bilioni 86 za ubongo mzima. Kwa binadamu safari hizo hupamba moto kati ya wiki ya 12 na ya 20 ya ujauzito. Nilihesabu nyuma kwa kalenda ya ukutani. Kipindi kile wifi yangu alikuwa bado anajitanda mtandio mkubwa kanisani ili watu wasijue.

Sasa utaratibu wa safari yenyewe ndio ulionirudisha kwa konda. Gamba lina matabaka sita, na waliotangulia hukaa chini, karibu na walikozaliwa. Wanaofuata huwapita, hukaa juu yao. Wa mwisho kuzaliwa ndio hufika mbali kuliko wote, baada ya kujipenyeza katikati ya kaka zao wote waliokwisha kukaa. Hilo lilithibitishwa mwaka 1961 na Angevine na Sidman. Waliwadunga panya wenye mimba thimidini yenye mionzi, kijenzi cha DNA ambacho seli hukichukua siku inapojigawa, kisha wakatafuta alama hiyo imeishia wapi. Waliodungwa mapema, alama ikakutwa chini. Waliodungwa mwishoni, ikakutwa juu.

Nani basi huwaambia wasogee?

Mwaka 1951, huko Edinburgh, Douglas Falconer alieleza aina ya panya waliokuwa wakipepesuka. Wanatetemeka, wanayumba, wanaangukia ubavu, wanainuka, wanayumba tena. Akawaita reeler, wapepesukaji, na ukimwona mmoja akitembea utaelewa jina bila mkalimani, maana ndivyo wanavyorudi nyumbani baadhi ya majirani zetu jioni ya sikukuu. Bongo zao zilipochunguzwa, matabaka yalikutwa kama yamepinduliwa. Waliozaliwa mwisho walikuwa wamekwama chini ya waliozaliwa mwanzo. Nyuroni zilizaliwa kwa wakati wake, kamba zilikuwepo, lakini hakuna aliyempita mwenzake. Kilikosekana kitu kimoja, na kukipata kulichukua miaka 44.

Kilipatikana kwa bahati. Katika maabara ya Tom Curran huko Marekani walikuwa wamepandikiza kipande cha DNA kwenye panya kwa shughuli nyingine kabisa. Kipande kikaangukia ndani ya jeni ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta, na baadhi ya watoto wa panya hao wakaanza kupepesuka kama wale wa Edinburgh. Gabriella D'Arcangelo na wenzake wakaufuata uharibifu huo hadi kwenye jeni yenyewe, na mwaka 1995 wakaitangaza pamoja na protini yake, rilini. Ni dude kubwa: mnyororo wa amino asidi karibu 3,460. Insulini, niliyozoea kuwapa wanafunzi kama mfano wa protini inayobeba ujumbe, ina 51.

Mwaka huo huo Masaharu Ogawa na wenzake, huko Japani, walifika kwa mlango mwingine, na mbinu yao ilinifanya nicheke peke yangu jikoni usiku. Walichukua ubongo wa panya wazima, wasiopepesuka, wakausaga, wakawadunga wale wapepesukaji. Mwili wa mpepesukaji haujawahi kuiona rilini tangu uumbwe, kwa hiyo ukaichukulia kama mgeni mvamizi, ukatengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo wakazirudisha kwenye ubongo wa panya mzima waone zitashika wapi. Yaani ukitaka kujua ni kitu gani hakipo nyumbani kwa mtu, mpelekee vyote na uangalie anachokishangaa.

Kingamwili zilishika kwenye seli za tabaka la juu kabisa, zilizokuwa na jina la wazee wawili: Cajal wa Hispania na Retzius wa Sweden, waliozieleza miaka ya 1890. Karne nzima zilijulikana kwa sura, kazi yake ikiwa kitendawili. Ni miongoni mwa nyuroni za mwanzo kufika, ila hizi hazikai chini kama watangulizi wengine. Zinakaa pale ukingoni na kumwaga rilini nje yake, na baada ya wengine kufika, nyingi hufa. Sijui kwa nini habari hiyo ilinigusa kuliko zote. Konda anajaza gari, halafu anashuka yeye.

Rilini haimbebi mtu wala haimsukumi. Inajishikiza kwenye vipokezi viwili vilivyo juu ya ngozi ya nyuroni inayopanda, VLDLR na ApoER2, na yenyewe inabaki nje. Ndani, protini nyingine iitwayo Dab1 inapachikwa fosfeti, na hapo seli inabadili namna inavyoshika uzi na majirani zake. Kinachopita ukutani ni habari peke yake. Mwaka 1997 walipatikana panya wenye rilini tele lakini Dab1 yao imeharibika, nao wakapepesuka vile vile. Aina mojawapo Wajapani waliiita yotari, kutokana na neno lao la kutembea kwa kuyumba. Mwaka 1999 wakaja waliokosa vipokezi vyote viwili, hali ikawa ile ile. Konda anapasua koo, abiria ni kiziwi.

Nilishaanza kufurahia mfano wangu wa kifodi nikaona una kasoro. Seli za Cajal na Retzius zimekaa kule mwisho, mahali pa kufikia, kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba rilini inawaita: njooni huku. Konda hakai nyuma. Konda yuko mlangoni, anawafukuza kuelekea asipokuwa yeye. Nikataka kuuacha mfano. Halafu nikakutana na jaribio la mwaka 2002, kutoka kundi hilo hilo la Curran. Waliwafanya wapepesukaji watoe rilini, lakini upande usio wake, kule ndani nyuroni zinakozaliwa. Ingekuwa ni mwito wa kuwavuta, basi ungewavuta kinyume. Haukuwavuta kinyume. Tabaka la mwanzo kabisa, ambalo kwa wapepesukaji hugoma kugawanyika ili kuwapisha wengine, likagawanyika. Panya wale wakatembea vizuri zaidi. Kwa hiyo mahali pa kusimama si kila kitu. Kuna jambo la kusikia tu. Mpaka leo wanasayansi wanabishana: rilini inasema simama, inasema achia uzi, au inasema mengine kwa seli nyingine? Mimi naona hoja za wanaosema inabadilisha namna ya kushika ndizo zenye uzito, lakini nani kaniuliza.

Nitoke barabarani kidogo. Seli za mwanzo zikishakufa, nyuroni nyingine huendelea kutoa rilini maisha yote, na huko haihusiki tena na safari bali na namna nyuroni zinavyoongea na kukumbuka. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya mwanaume wa Kolombia aliyezaliwa na jeni inayoleta ugonjwa wa Alzheimer mapema. Watu wenye jeni hiyo huanza kupotewa na akili wakiwa kwenye miaka ya arobaini. Yeye alikaa na akili zake hadi umri wa miaka 67. Alikutwa na badiliko adimu kwenye jeni ya rilini, linaloifanya rilini ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Nilimsimulia mama, akasema angependa kununua hiyo rilini kama inauzwa sokoni Kilombero.

Turudi kwa Babu. Mwaka 2000 ilielezwa mara ya kwanza kwamba binadamu naye anaweza kuzaliwa bila rilini: familia mbili, watoto wenye ubongo laini, na ile sehemu ya chini kisogoni, serebelamu, ikiwa ndogo mno. Huko mtoto hurithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, wazazi wenyewe wakiwa wazima. Niliposoma hayo niliona nimepata jibu. Nikarudi kwa daktari na daftari langu kama mwanafunzi anayetaka alama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kila daktari analo. Kisha akaitoa picha. "Serebelamu yake iko vizuri, ona. Halafu angalia hapa mbele na hapa nyuma. Kuna tofauti?" Ilikuwepo. Mbele palikuwa na vijikunjo vichache, hafifu. Nyuma hapakuwa na kitu. Akasema ulaini unaozidi nyuma huelekeza kwenye jeni nyingine, LIS1, iliyo kwenye kromosomu ya 17 na iliyogunduliwa mwaka 1993. Ulaini ukizidi mbele, huelekeza kwenye jeni iliyo kwenye kromosomu X, ambayo mara nyingi hutoka kwa mama.

LIS1 husaidia mota ndogo ndani ya seli kukivuta kiini cha seli mbele, hatua kwa hatua, kwenye uzi. Ni miguu, basi. Sauti ya konda inasikika. Abiria hana miguu ya kusogea nayo. Na mambo haya mawili yanashikana kweli: mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba LIS1 hujishikiza kwenye Dab1 ile ile, baada ya rilini kuiamsha. Kwa hiyo sikuwa nimepotea mbali, nilikuwa kifodi kile kile, siti nyingine.

Lakini lililonikaa ni hili. Kasoro ya LIS1 mara nyingi sana hairithiwi. Huzuka upya, kosa la kunakili kwenye yai moja au mbegu moja, na hakuna mzazi aliyekuwa nayo. Daktari aliposema "nyuma", nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba si ile inayotoka kwa mama, na papo hapo nikaona aibu, maana kama ingekuwa hiyo, wifi angekuwa na kosa gani? Kipimo cha jeni hatujafanya. Damu ingepelekwa nje na bei yake ni ng'ombe kadhaa.

Niliona aibu kwa sababu ya mama yangu. Tangu Babu augue, mama alikuwa na kesi na wifi, na ushahidi ulikuwa unaongezeka kila wiki. Alikula sana udongo alipokuwa na mimba. Alibeba ndoo. Alikwenda msibani usiku bila kujifunika. Hakuyasema usoni pake, aliyasema jikoni kwa sauti ya kufika sebuleni. Na jina la mtoto hakulitumia tena kwake. Kabla ya hapo alikuwa akimwita Mama Elia. Baada ya picha ile akawa "huyo binti".

Jumapili moja nilimkuta mama amekaa kwenye benchi nje, anapoza loshoro la Babu kwenye bakuli. Babu hamezi vizuri, chochote chenye kitonge kinampalia, kwa hiyo mama hulikoroga mpaka linakuwa kama uji, analionja kwa mdomo wa juu, anakoroga tena. Nikakaa chini kwenye kigoda nikamwambia yote. Sikumtajia Dab1. Nilimwambia kuhusu panya, kuhusu kifodi, kuhusu watu wanaotakiwa kupitana, na kwamba yote hayo yalitokea wakati yeye mwenyewe hajaambiwa kama kuna mimba. Nikamwambia kosa lilikuwa limeshaandikwa kabla udongo haujaliwa wala ndoo haijabebwa.

"Kwa hiyo ni kwa kaka yako?"

"Si kwake pia, mama. Si kwa yeyote."

Akakoroga. Kwa mama yangu, kitu kisicho cha mtu ni kitu kisichoaminika. Hata ng'ombe akizurura barabarani lazima awe wa fulani.

"Na yule panya wa Wazungu, alipona?"

"Alitembea vizuri zaidi. Ubongo haukukaa sawa wote, lakini alitembea."

Hakujibu. Wifi alikuwa anakuja kutoka ndani na Babu begani, kichwa cha mtoto amekishika kwa kiganja kama kawaida, shingo ile haijakubali mpaka leo. Alipoona tumekaa wawili akapunguza mwendo, akawa kama anataka kurudi.

"Mama Elia," mama akaita. "Mlete mume wangu, chakula kimepoa."

Akasogea mwisho wa benchi, akapangusa alipokuwa amekaa kwa ncha ya khanga.